Kati ya saa 9 na magharibi: kuendesha kituo cha watoto baada ya shule mtaani Moshi

Mtoto wa Pasua au Njoro ambaye mama yake anauza Mbuyuni na baba yake yuko kijiweni na pikipiki hukaa saa tatu nne bila mtu mzima kila siku ya shule. Nyumba imefungwa, ufunguo uko kwa jirani, tumbo linauma njaa, na mdogo wake anamtegemea yeye. Kikundi cha mtaa kinachotaka kuziba pengo hilo hakihitaji kusubiri mfadhili. Kinahitaji chumba kimoja, choo chenye komeo la ndani, maji ya kunawa, watu wazima watatu wasiokosa, na daftari. Vituo vingi huwa na hayo yote isipokuwa daftari, na hapo ndipo huanza kuyumba.

Kabla ya watoto, wenyeji. Mwoneni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze namna ya kusajili kikundi halmashauri. Afisa ustawi wa jamii mfahamu mapema, maana ipo siku mtamhitaji usiku. Kwa mwalimu mkuu nendeni kwa adabu: msiende kumwambia watoto wake hawajui kusoma, mwombeni ratiba ya mitihani na siku ambazo wanabaki shuleni. Halafu mwone ustaadh wa madrasa na mwalimu wa kipaimara. Majengo na Njoro wana watoto wengi wa madrasa ya alasiri, na kituo kikigongana nayo, kituo ndicho kitakachoshindwa. Jumatatu hadi Alhamisi zinatosha, Ijumaa waachieni.

Anzeni na watoto 25. Watu hupenda kufungua mlango kwa 60 kwa sababu picha ya watu wengi inapendeza, lakini mlezi mmoja akizidi watoto 15 anakuwa askari wa zamu tu. Mkiwa na 25 na walezi wawili ndani, wa tatu anabaki na sufuria na mlango.

Sasa daftari. Ukurasa mmoja kwa kila mtoto: jina, darasa, anaishi na nani, namba mbili za simu, ugonjwa kama pumu au kifafa, na watu wanaoruhusiwa kuja kumchukua. Kisha mahudhurio ya kila siku: saa ya kuingia, saa ya kutoka, katoka na nani. Yaandikwe mlangoni, wakati uleule. Mahudhurio yanayojazwa Ijumaa kwa kukumbuka hayana maana, na siku mtoto asipofika nyumbani ndipo mtakapojua hivyo, mama anauliza katoka saa ngapi na walezi wanatazamana. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, mtu aende kwao kwa miguu. Simu haitoshi, kwa sababu bibi anayemlea huenda hana simu, au anayo na haina chaji.

Mlango ufunguliwe saa 9 na watoto watoke saa 11 na robo. Wengi huongeza hadi saa 12 ili kumsaidia mzazi anayechelewa, wakisahau kwamba jua la Moshi haliko sawa mwaka mzima. Februari linazama karibu na saa 12:50 jioni, lakini Novemba ni mnamo saa 12:20. Ratiba iliyokuwa salama mwanzoni mwa mwaka inampeleka mtoto wa darasa la pili gizani mwishoni mwake. Wa mbali watoke kwa makundi ya njia moja, mkubwa akiwa na jina la kila mdogo anayemshusha.

Uji utangulie masomo. Kilo 1 ya unga kwa maji lita 9 hadi 10 inatoa vikombe 35 hivi vya robo lita, kwa hiyo watoto 25 na walezi wanatosheka na wapo watakaoongezwa. Korogeni unga kwenye maji ya baridi kwanza ndipo mmimine kwenye maji yanayochemka, la sivyo mtagawa madonge. Uache uchemke dakika 20 kwa moto mdogo. Mkitumia unga wa lishe wenye karanga, chagueni karanga wenyewe kabla ya kusaga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Wakati wa Ramadhani wagawieni wasiofunga uji kwenye chumba cha pembeni. Na wapo watakaokuja kwa ajili ya uji tu. Waacheni waje, njaa ni sababu halali.

Kosa kubwa kwenye masomo ni kuligeuza jambo hili kuwa tuisheni. Mtoto ametoka kukaa darasani kwa muda wa saa saba, mnamkalisha tena mbele ya ubao. Wiki ya kwanza mpimeni kila mmoja peke yake, dakika tano zinatosha: herufi, silabi, maneno, aya fupi, hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Alipokwama ndipo kundi lake lilipo, hata akiwa darasa la tano. Hapo aibu huingia. Mvulana mrefu aliyewekwa na wadogo wa silabi hatarudi kesho, kwa hiyo wakubwa wenye tatizo hilo wapewe kona yao na mlezi wao, na vitabu visivyo na picha za sungura. Dakika 40 za kusoma, nusu saa ya kazi za shule, zilizobaki ni mpira, kamba, bao, au kukaa tu. Kazi ya nyumbani mlezi asiifanye. Akiifanya, mwalimu shuleni atadhani mtoto ameelewa.

Vijana ni habari nyingine. Hawatoki shule mapema, na hawataki kuonekana wakinywa uji na wadogo zao. Wapeni Jumamosi mchana, baada ya usafi na kufua. Kipindi chao kikubwa ni kile cha baada ya mtihani wa darasa la saba, Septemba, hadi kidato cha kwanza kinapoanza Januari. Miezi hiyo mvulana hujifunza kubeti na kukaa kijiweni, msichana hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani na wakati mwingine harudi. Wakati huohuo aliyesoma shule ya serikali anakwenda kukutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Itumieni miezi hiyo kwa Kiingereza cha darasani hasa: maneno ya maswali kama eleza, linganisha, taja na chora, majina ya vifaa vya maabara, namba zinazosomwa kwa sauti. Maneno kumi kwa siku, yanayorudiwa kesho yake, yanazidi orodha ya mia moja iliyobandikwa ukutani.

Kwa wasichana wekeni pedi chooni kwenye boksi wanalochukua wenyewe. Zikikaa kwa mlezi ili ziombwe, haziombwi.

Usalama hauna mjadala. Hakuna mtu mzima peke yake na mtoto mmoja kwenye chumba kilichofungwa, awe mchungaji au mfadhili. Hakuna fimbo, hata mzazi akiwapa ruhusa, na baadhi watawapa. Mtoto akieleza kwamba ameumizwa, msikilizeni, andikeni maneno yake yalivyo, msimhoji mara tatu. Pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ikiwa ni ubakaji au ulawiti, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, afikishwe haraka hospitali kama Mawenzi: dawa za kukinga VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Shinikizo la kuyamaliza kifamilia litakuja, tena kutoka kwa watu mnaowaheshimu. Ndiyo maana tulisema afisa ustawi mfahamu mapema.

Wazazi wasiitwe kwa barua. Kikao kimoja kwa mwezi, Jumapili saa 9 alasiri baada ya ibada na chakula, kisizidi muda wa saa moja. Anzeni kwa kumwambia kila mzazi jambo moja jema la mwanawe, kwa jina: “Mama Neema, mwanao amesoma aya nzima wiki hii.” Mzazi aliyezoea kuitwa shule kwa makosa tu atarudi kusikia la pili. Akina baba hawaji kwa tangazo. Mfuateni kijiweni, mpeni kazi yenye jina, kama kukarabati benchi au kusindikiza kundi la njia ya Kiboriloni.

Mchango uwepo, hata mdogo. Asiye na fedha alete mkaa, debe la mahindi baada ya mavuno, au zamu ya kupika. Mapato na matumizi yasomwe kwa sauti kwenye kikao hichohicho, na daftari la fedha lisikae kwa mtu yuleyule anayeshika fedha.

Katikati ya Desemba fungeni. Mji unahamia milimani, watoto wanapelekwa Rombo, Kibosho na Machame kwa bibi na babu. Shule zikifunguliwa Januari, pitieni ukurasa wa kila mtoto upya na mzazi wake: wapo waliobaki kijijini, waliohama chumba, waliobadilisha namba, na wapo ambao anayeruhusiwa kuwachukua sasa ni mtu mwingine.