Maswali ya Wasomaji: Kulitengeneza Gari la Zamani Nyumbani

Barua nyingi tulizopokea kutoka Nakuru hadi Bungoma zinahusu magari ya miaka ya 1970 na 1980 ambayo wenyewe wanataka kuyarudisha barabarani kwa kazi ya mikono yao. Tumechagua tano. Tumeyajibu baadhi ya maswali kwa kirefu kuliko mengine kwa sababu jibu la haraka lingeweza kumpotezea msomaji injini, au hata uhai.

Swali: Marehemu baba yangu alituachia Peugeot 504 saluni, ambayo imekaa chini ya mwembe hapa nyumbani, nje kidogo ya mji wa Kakamega, tangu alipostaafu ualimu. Injini haizunguki. Jirani yangu ambaye ni fundi ananishauri ninunue betri mpya, niite vijana wasukume, nalo litawaka tu. Ningependa kulitengeneza mwenyewe pole pole, kadiri pesa zinavyopatikana. Nianzie wapi? — Msomaji, Kakamega

Jibu: Ndugu yetu, pole kwa kufiwa na mzee. Tafadhali usikubali gari hilo lisukumwe. Injini iliyokaa miaka mingi bila kuzungushwa hushikana, yaani ringi za pistoni hugandamana na kuta za silinda kwa kutu na mafuta yaliyokauka, na ukiilazimisha kwa kulisukuma gari likiwa kwenye gia unaweza kuvunja ringi au kupinda vijiti vinavyosukuma valvu. Toa plagi zote, mimina mafuta mepesi kidogo katika kila silinda, uyaache yapenye kwa siku kadhaa huku ukiongeza kidogo kila yanapopungua. Kisha shika nati ya puli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa spana ndefu na ujaribu kuizungusha taratibu, mbele na nyuma, bila kutumia nguvu za hasira. Ikikubali kusogea hata kidogo, una matumaini makubwa.

Ikikataa kabisa na ikabidi hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) ing'olewe, kuna jambo ambalo mafundi waliozoea magari ya Japani hulisahau. Silinda za injini ya petroli ya 504 ni laina zinazotoka, yaani mabomba yanayoweza kuchomolewa, ambazo zimezungukwa na maji na kukalia mpira au gasketi nyembamba kwa chini. Hedi ikishatolewa, hakuna kinachozibana tena, kwa hiyo mtu akizungusha krenki laina huinuka, gasketi ya chini huharibika, na baadaye maji huvuja hadi kwenye mafuta ya injini. Kabla ya kuzungusha chochote, zibane laina kwa vipande vya chuma vilivyofungwa kwa bolti za hedi.

Hata hivyo, injini haikupaswa kuwa kazi yako ya kwanza, ingawa ndiyo inayovutia zaidi. Kazi ya kwanza haihitaji spana. Tafuta kitabu cha usajili na ulinganishe namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa humo. Ikiwa gari bado liko kwa jina la mzee, familia itahitaji kwanza idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi, ndipo umiliki uhamishwe kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tumeona watu wakimaliza rangi na viti, kisha ndugu wakaanza kuvutana juu ya nani mwenye gari.

Ukishatulia upande huo, ingia chini ya gari. Liinue kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi za chuma. Mawe na matofali hupasuka bila kutoa dalili yoyote, na kwa kuwa udongo wa Kakamega hulainika mvua ikinyesha, weka mbao pana na nene chini ya kila stendi. Bodi ya 504 saluni ndiyo inayobeba mzigo wote, maana haina chesisi ya peke yake kama ya lori. Kwa sababu hiyo, kutu ya kwenye madigadi inaudhi macho tu, lakini kutu ya kwenye mihimili iliyo chini ya milango, kwenye sakafu na mahali springi zinapokalia huua. Gonga kila sehemu kwa mpini wa bisibisi na usikilize: bati zima hulia kwa sauti kali, lililooza hujibu kwa sauti nzito au hutobolewa papo hapo. Mihimili yote miwili ikiwa imeliwa, fikiria upya kabla ya kununua hata plagi moja. Pengine ni busara zaidi kutafuta bodi nyingine nzima na kuhamishia injini yako humo.

Baada ya bodi, breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huozesha mifereji kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Hosi za mpira za miaka hiyo huvimba kwa ndani hata zikionekana nzima kwa nje, kiasi kwamba mafuta hupita ukikanyaga pedali lakini hayarudi, na gurudumu likabaki limeshikwa. Badilisha hosi zote, fungua pampu kuu na pampu za magurudumu uweke mipira mipya, kisha mimina mafuta mapya kutoka mkebe ambao haujawahi kufunguliwa. Ufuate mfumo wa petroli: mwaga mafuta ya zamani yote, safisha tangi, badilisha mipira na uweke chujio jipya kabla ya pampu. Usikubali mtu yeyote achomelee tangi hilo, hata kama limekaa tupu miaka kumi, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani unatosha kulilipua.

Hapo ndipo urudi kwenye injini. Piga picha kila hatua kabla ya kufungua kitu, na nati za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake wenye maandishi. Usifungue gari lote kwa pamoja. Magari mengi yaliyofia uani hayakufa kwa ubovu, bali kwa sababu yalivunjwa vipande vyote katika mwezi mmoja, na hakuna aliyekumbuka tena ni wapi kila kipande kilitoka.

Swali: Nina pikapu ya Datsun 1200 niliyoinunua ili niitumie kwenye biashara yangu ya samaki hapa Kisumu. Sakafu ina matundu. Fundi wa bodi anasema ataziba kwa faiba na puti, kisha apige rangi, na yote yataisha kwa wiki moja. Mwingine anataka kukata na kuchomelea, bei yake ikiwa zaidi ya mara mbili. Nimsikilize yupi? — Mama Biashara, Kisumu

Jibu: Dada yetu, msikilize wa pili. Puti imetengenezwa kusawazisha mabonde madogo juu ya bati lililo zima, basi. Ukiipaka juu ya tundu, unyevu huingia kwa upande wa chini, kutu huendelea kula kimya kimya nyuma yake, na baada ya msimu mmoja wa mvua rangi huanza kuvimba. Tena biashara yako ni ya samaki, na maji ya barafu yanayodondoka sakafuni ni adui wa bati kuliko hewa ya ziwa, ambayo haina chumvi kama ile ya Mombasa.

Mwambie fundi akate mpaka afikie bati safi, na kiraka kiwe cha unene unaolingana na bati la gari. Kwa sehemu nyingi za bodi unene huo ni kati ya milimita 0.8 na 1. Achomelee kwa nukta fupi zilizoachana, akihama huku na huku, kwa sababu akivuta mstari mmoja mrefu joto litapinda bati zima. Kabla hajaanza, betri itolewe waya, mazulia na viti vitoke nje, na kizima moto kiwe karibu. Akimaliza, apake praima yenye zinki pande zote mbili, ya juu na ya chini, kisha sehemu zilizofungika ndani zinyunyiziwe nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Hakikisha pia kwamba matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango yako wazi, maana mafundi wengi huyaziba kwa rangi bila kufikiri.

Kuhusu rangi yenyewe, usiruhusu ipigwe siku ya mvua au jioni yenye unyevu mwingi, kwani itatoka na ukungu mweupe. Rangi zinazochanganywa na kikaushi hutoa mvuke unaodhuru mapafu vibaya sana, na kitambaa kilichofungwa puani hakimkingi mtu. Kazi hiyo ifanywe na mwenye chumba na barakoa yenye hewa yake. Msasa utumike ukiwa umeloweshwa maji, maana rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi na vumbi lake halifai kuvutwa, hasa na watoto wanaocheza karibu.

Swali: Nina Peugeot 504 station wagon ambayo zamani ilibeba abiria kati ya Nakuru na Kisumu. Nataka kuiboresha: niweke injini ya Toyota na gia boksi yake, taa za LED, na kila kitu kiwe cha kisasa. Marafiki wanasema vipuri vya Toyota ni rahisi. Mnaonaje? — Msomaji, Nakuru

Jibu: Bwana, gari ni lako na uamuzi ni wako, lakini sisi tunapinga wazo la injini. Vipuri vya Toyota ni rahisi kupatikana, hilo hatubishani nalo. Ugumu uko nyuma ya gia boksi. Propela ya 504, yaani mhimili unaopeleka nguvu nyuma, imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kutoka gia boksi hadi difu (gia za kati ya magurudumu ya nyuma), na bomba hilo ndilo linalosaidia kupokea nguvu za magurudumu ya nyuma. Ukibadilisha gia boksi itakubidi ukate bomba au uliondoe, na ukiliondoa utalazimika kubuni namna nyingine ya kuizuia ekseli isijizungushe. Hiyo ni kazi ya mhandisi, na ikikosewa kosa hilo hujitokeza ukiwa kasini, kwenye mteremko, na familia ndani.

Isitoshe, injini ya asili haina aibu yoyote. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa Peugeot 504, katika barabara ambazo nyingi wakati huo zilikuwa vumbi na matope. Wala usiogope petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa nchini tangu mwanzo wa 2006: hedi ya 504 ni ya alumini na viti vya valvu ni vya chuma kigumu kilichopachikwa, ambacho hakitegemei risasi kujikinga. Wenye hedi za chuma cha kusubu, kama Land Rover nyingi za zamani, ndio wanaopaswa kufuatilia mianya ya valvu zao kwa karibu. Vipuri navyo havijaisha, kwa kuwa 504 iliendelea kuunganishwa Mombasa hadi mwanzoni mwa karne hii. Ila ukinunua vya nyuma, chungulia kwanza chini ya gari lako: wagon yako ina ekseli nzima, ilhali saluni nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na vipande vyake havitakufaa.

Pesa ulizotenga kwa injini zitumie kwa maboresho ambayo hayaharibu gari na yanaweza kuondolewa. Badala ya pointi za distribyuta, zinazoamua plagi ziwake lini, weka kifaa cha kielektroniki kinachokaa humo humo ndani. Injini itawaka vizuri asubuhi zenye baridi za Nakuru, na pointi za zamani uzihifadhi garini kwa dharura. Weka mikanda ya usalama inayojivuta, mbele na nyuma. Kwa taa, weka relei ili umeme utoke moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi iliyochoka, na mwanga utaongezeka bila kubadilisha balbu. Balbu za LED zikiwekwa ndani ya taa ambazo hazikuundwa kwa ajili yake hutawanya mwanga ovyo, na dereva wa trela anayekuja kutoka Mau Summit ndiye atakayepofushwa. Mwisho, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa pwani itakunywesha petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Fundi aweke jeti ndogo zaidi, yaani vitundu vya kupitishia petroli.

Swali: Je, ninaweza kubadilisha rangi ya gari langu la 1982 kutoka nyeupe kuwa buluu bila kumwambia mtu? — Msomaji, Bungoma

Jibu: Hapana. Mabadiliko ya rangi, kama yale ya injini, lazima yaandikishwe NTSA ili kitabu cha usajili kilingane na gari. Ijulishe pia kampuni ya bima, na kabla hujasaini omba thamani ya gari ikubaliwe kwa maandishi baada ya ukaguzi, la sivyo watalikadiria kama chuma chakavu.

Swali: Gari langu la zamani huchemka kila nikipanda kutoka Ahero kuelekea Kericho. Fundi ametoa thamostati lakini bado linachemka. — Msomaji, Kisumu

Jibu: Irudishe thamostati (valvu inayozuia maji kuzunguka mpaka injini ipate joto), au uweke mpya. Bila hiyo injini hukaa baridi kwenye tambarare na kuchakaa upesi, nawe hujaponya ugonjwa. Anza na kifuniko cha rediata, ambacho ni rahisi kuliko vyote. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 93 za Selsiasi, na ni shinikizo la kifuniko hicho linalopandisha kiwango hicho. Springi yake ikilegea, maji huanza kuchemka mapema kila unavyozidi kupanda. Gari likiwa limepoa kabisa, kifungue utazame mpira wake. Kisha rediata ifunguliwe ioshwe mirija, kwa sababu maji ya mtoni na ya kisima huacha magadi ndani, na tangu hapo tumia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Kagua pia mkanda wa feni na pampu ya maji. Kama bado linachemka baada ya hayo, fundi apime kama gasketi ya hedi inapitisha moto wa silinda kuingia kwenye maji: injini ikiwa inanguruma na bado ni baridi, viputo visivyokoma vikionekana kwenye mdomo wa rediata, acha kupanda mlima huo mpaka hedi ifunguliwe, inyooshwe na kuwekewa gasketi mpya.