Kabla Hujabadilisha Bushi za Nyuma, Kagua Sakafu ya Gari

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia akitaka kujua kama afunge bushi (vikombe vya kuzuia mtikisiko) za alumini kwenye sabufremu ya nyuma ya BMW E46 yake, yaani fremu ya chuma inayobeba ekseli ya nyuma chini ya sakafu, kwa kuwa gari hugonga kila anapoachia klachi. Swali lake lilinitonesha kidonda.

Langu lilikuwa E46 pia, 330i ya nguvu za farasi 231, nalo liligonga vivyo hivyo. Fundi niliyemwamini alisema bushi za mpira za kiwandani zimechoka, na kweli zilikuwa zimechanika hadi kwenye kiini cha chuma. Tukateremsha sabufremu pamoja na difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), tukang'oa bushi zote 4, tukashindilia za poliyurethani, plastiki ngumu kuliko mpira, na kwa miezi michache gari lilikata kona nilivyotamani siku zote. Hakuna aliyeshika tochi akakwangua lami ya kuzuia kutu kwenye sakafu iliyokuwa wazi juu ya vichwa vyetu, wala mimi sikudai.

Mlio uliporudi, nilikwangua mwenyewe, nikakuta ufa mwembamba kama unywele ukianzia kwenye nukta ya kuchomelea, karibu na boliti ya sabufremu ya mbele kushoto. Ndani yake mlikuwa na kutu ya siku nyingi. Ufa huo ulikuwepo siku ile ile tuliyofunga bushi mpya, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Elewa kwamba sabufremu ya gari hili imeshikiliwa na bati jembamba kwa pembe 4, na kila unapokanyaga mafuta au kuachia, difu huivuta na kuisukuma. Mpira laini humeza sehemu ya mshtuko huo, ilhali bushi ngumu huupeleka kwenye bati. Kwa hiyo kagua kwanza. Alumini uwaachie wa mashindano, kwa sababu hata mvumo wa difu utauleta ndani ya gari. Kwa barabara za kila siku poliyurethani iliyopakwa grisi ya silikoni, au mpira mpya, inatosha kabisa.

Nimelipia kazi moja mara mbili, nawe usikubali kulipia hivyo. Kwangua pembe zote 4 kabla ya kununua chochote, na ukikuta ufa, mwambie fundi atoboe kitundu kidogo kwenye ncha yake ili usiendelee, auchomelee, kisha aongeze bati la kuimarisha kwa chini, ndipo bushi ziingie.