Barua kwa mwanangu: hilo donge la begani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama hilo donge la begani likatwe au liachwe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mara nawaza lile langu la mgongoni na miaka sita niliyolificha.

Ulikuwa mdogo. Nilivaa nguo pana, sikukubali mtu anikumbatie kwa nyuma. Aliyejua ni shangazi yako peke yake, naye alilikanda kwa maji ya moto kila jioni ati liyeyuke. Haliyeyuki! Nilipungua kilo tisa, lenyewe likabaki vilevile, tena likajitokeza zaidi. Usiku mmoja kiganja cha baba yako kikaliangukia. Hakusema neno, ila asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Daktari alilibonyeza kwa vidole viwili, likateleza pembeni chini ya ngozi. Akalipima kwa altrasaundi, akasema ni lipoma, mafuta tu yaliyojikusanya, si saratani. Sindano ya ganzi, nusu saa hivi, nikiwa macho. Nikaomba kuliona: la manjano, laini, limevikwa utando mwembamba unaong'aa. Miaka sita ya hofu, imelala kwenye kisahani cha chuma! Nilicheka mpaka muuguzi akanisihi nitulie, mshono ulikuwa haujaisha.

Sasa lako. Kama ni laini, linateleza, haliumi wala halikui, unaweza kuzeeka nalo. Babu yako alikuwa nayo matatu mkononi, akazikwa nayo. Na ukikata, kovu nalo linabaki. Lakini likizidi sentimita 5, likikua haraka, likiwa gumu, likiuma au likishikamana na nyama ya ndani, hiyo ni habari nyingine. Hapo daktari atataka picha, pengine na kipande cha kupima. Mimi siwezi kulijua kwa barua, wala wewe kwa kioo.

Ningekuwa mimi, ningekata. Hapana, usinisikilize, langu lilinisumbua kila nilipoegemea kiti, lako unasema hulihisi hata ukilala. Bega ni lako. Nenda tu likashikwe na anayejua, maana mficha maradhi... unaujua mwisho wake.

Halafu kurasa mbili nzima umeniandikia, na hakuna mahali uliposema kama mkeo ameshaliona.

Mama yako