Medali za Marehemu Baba

SWALI: Marehemu baba alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki), akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Ametuachia medali zilizopiga weusi, wala hazina jina lake. Tunataka kuzivaa Siku ya Mashujaa, Julai 25. Tuzing'arishe kwa kutumia kitu gani? — Binti wa askari, Iringa

JIBU: Pole kwa msiba, na hongera kwa kuzitunza. Msizing'arishe kabisa! Dawa ya kusugulia shaba hula nakshi, na ikimwagikia utepe inauharibu. Futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Mkiona unga wa kijani, ukwangueni taratibu kwa kijiti cha meno, kisha kama mmezihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, utupeni, unafungia unyevu. Karatasi nyeupe na kisanduku vinatosha. Utepe usifuliwe, rangi huchuja.

Kukosa jina kusiwatie shaka: medali za Uingereza za vita vile kwa kawaida zilitolewa bila kuchongwa jina. Ndiyo maana kitabu chake cha kuachishwa jeshi, chenye namba yake, kama mnacho, kina thamani kuliko chuma chenyewe. Kipigeni picha kila ukurasa, msikifanyie leminesheni.

Kuvaa: ninyi warithi mnavaa kifua cha kulia, kushoto ni kwa aliyetunukiwa. Kwa mtazamaji, ya kwanza kuanzia kushoto kwake ni Nyota ya 1939–1945, kisha Nyota ya Burma (utepe wenye mstari mpana mwekundu katikati), Medali ya Ulinzi, na mwisho Medali ya Vita yenye sura ya Mfalme George wa Sita.