Bakapu haimaliziki hadi Jumatatu: tununue mashine mpya ya kanda?

SWALI: Shikamoo mama. Nasimamia kompyuta kwenye ofisi ya wapima ardhi hapa Isevya, Tabora. Seva yetu ya mafaili imefika terabaiti 26, nyingi zikiwa picha za droni na ramani. Bakapu kamili, yaani nakala ya akiba ya mafaili yote, inaanza Ijumaa saa 12 jioni kwenye mashine ya LTO-7 (kizazi cha saba cha LTO, aina ya kanda za sumaku za kuhifadhia data) yenye nafasi nane za kanda. Jumatatu saa 2 asubuhi watu wanaingia kazini, bado inaendelea na mtandao umekuwa mzito. Mashine yenyewe inatoa sauti kama kitu kinachokwenda na kurudi. Bosi anataka tununue LTO-9, hii tuiuze. Kabatini tuna pia kanda za LTO-6 za miradi ya zamani. Unashauri nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hela ya bosi ikae kwanza. Mashine yenu ina njaa tu.

Chukua kalamu. LTO-7 inaweza kuandika megabaiti 300 kwa sekunde. Hujasema kebo ya seva ni ya kasi gani, lakini ofisi nyingi za huku kwetu ni gigabiti moja kwa sekunde (biti nane ndiyo baiti moja), na hiyo ikijitahidi sana inapitisha megabaiti 110 hivi kwa sekunde. Terabaiti 26 kwa mwendo huo ni karibu saa 66. Toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu saa 2 ni saa 62. Yaani hata siku mambo yakinyooka kabisa, hammalizi. LTO-9 mkiichomeka kwenye kebo hiyohiyo itakaa kusubiri vilevile.

Na ile sauti ndiyo njaa yenyewe. Data ikichelewa, mashine hupunguza mwendo. Ikizidi kuchelewa inabidi isimame, na kanda iliyo kwenye kasi haisimami papo hapo, kama treni ya mizigo. Inapitiliza, inarudi nyuma, inatafuta pale ilipoishia, inaanza tena. Mafundi wanaifananisha na mpiga kiwi anavyovuta kitambaa huku na huku juu ya kiatu. Muda unapotea, kanda na kichwa cha kuisomea vinachakaa. Halafu hizo picha za droni mmezikata vipande vidogo vidogo vya ramani, siyo? Mafaili milioni moja ya kilobaiti 20 yanaitesa seva kuliko faili moja la gigabaiti 20, ingawa uzito ni uleule, kwa sababu kila moja lazima litafutwe, lifunguliwe, lisomwe, lifungwe.

Ningekuwa wewe ningeanza na miradi iliyokwisha. Ramani mliyomkabidhi mteja mwaka 2019 haibadiliki tena, sasa inapandishwa kwenye kanda kila Ijumaa ya nini? Iandike kwenye kanda mbili, zisome zote mbili kuhakiki, moja ibaki ofisini, nyingine ikalale jengo jingine, kisha uitoe kwenye bakapu ya wiki. Sitashangaa nusu ya hizo terabaiti ikiondoka. Katika zinazobaki, kila usiku chukua yaliyobadilika tu. Halafu weka diski kadhaa kwenye kompyuta inayoshika mashine ya kanda. Data ipite mtandaoni usiku ikae hapo, ndipo imiminwe kwenye kanda kutoka kwenye diski hizo. Kumimina kukiendelea Jumatatu mchana, hakuna atakayekuja kugonga mlango wako. Hela ikibaki, vuta kebo ya gigabiti 10 kati ya seva na kompyuta hiyo tu, ofisi nzima haiihitaji.

Kuhusu kuuza, hapo nasema hapana. LTO-9 inasoma kanda za LTO-9 na LTO-8, basi. Mkiuza hiyo mashine, kanda zenu zote, za LTO-6 na za LTO-7, zitakuwa matofali. Na msidanganyike na boksi la kanda lililoandikwa terabaiti 15. Hiyo ni hesabu ya data inayobanika, yaani inayoweza kupunguzwa ukubwa wakati wa kuandikwa. Picha zenu nyingi zimeshabanwa, kwa hiyo hesabuni 6.

Bosi akianza kusema kanda ni mambo ya kizamani, mwambie Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail walikuta barua zao hazipo, na Google ikazirudisha kutoka kwenye kanda.

Kuna jambo hukuuliza. Nilipokuwa kazini Kigoma, kuna ofisi pale Mwanga niliyokuwa naihudumia. Kila asubuhi ripoti ya bakapu ilisema "imekamilika, tahadhari 3". Miezi saba nilisoma neno la kwanza tu, nikaenda kunywa chai. Siku mhasibu alipofuta folda ya mishahara kwa bahati mbaya, nikapandisha kanda kwa mbwembwe. Folda ikarudi na jina lake zuri, ndani tupu. Akaunti ya bakapu haikuwahi kupewa ruhusa ya kuifungua. Tukaandika mishahara upya kutoka kwenye makaratasi, siku nne, jenereta likinguruma dirishani na mhasibu hanisemeshi.

Kwa hiyo kabla hujagusa kebo yoyote, wiki hii chagua folda moja ya mradi, irudishe kutoka kwenye kanda hadi kompyuta nyingine kabisa, ufungue picha kumi kwa macho yako. Kisha fanya hivyohivyo na kanda moja ya LTO-6, ile ya zamani kuliko zote kabatini. Ikikataa kusomeka, niandikie ripoti inavyosema, neno kwa neno.