Kaka yangu anaungua motoni?

"Shangazi, kaka yangu amefariki, na alikuwa hajakanyaga kanisani kwa miaka mingi. Mama ameishika Luka 16, mfano wa tajiri aliyeteseka motoni na maskini Lazaro, neno kwa neno: anaamini mwanawe anaungua sasa hivi. Usiku namsikia akilia, amepiga magoti kando ya kitanda cha marehemu. Mimi namwamini Yesu, ila moto huo siuamini. Je, bado ni Mkristo?" – Mfiwa

Mwanangu, pole sana kwa msiba.

Ndiyo, bado ni Mkristo. Imani ya Mitume, ungamo la kale la Wakristo, inataja hukumu ya wazima na wafu, ufufuo wa mwili na uzima wa milele, moto haumo. Mtakatifu Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliutetea moto halisi, lakini Julai 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba jehanamu ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake, zaidi kuliko kuwa mahali. Wote wawili ni wana wa Kanisa.

Ila usiitupe hukumu pamoja na moto. Gehena aliyoitaja Yesu, ndiyo jehanamu, ilikuwa bonde halisi kando ya Yerusalemu, ambako zama za wafalme watoto walichomwa kafara. Hakuichagua picha hiyo kwa mzaha. Mimi naamini kumkataa Mungu hadi mwisho ni hasara ya kutisha, iwe kuna ndimi za moto au hakuna.

Sasa mama. Tafadhali usimpelekee mjadala huu, maana anayelia pale ni mzazi aliyefiwa. Mfano wa tajiri na Lazaro uliwaonya walio hai wanaompita maskini mlangoni. Haukumpa yeyote mamlaka ya kusema marehemu wetu yuko wapi. Kanisa Katoliki limewatangaza watakatifu wengi, lakini halijawahi kumtaja mtu kwa jina kwamba yuko motoni. Basi mama amejuaje?

Usiku ukimsikia tena, ingia, piga magoti naye. Msomee Luka 23, yule mhalifu msalabani ambaye hakuwa na ubatizo wala muda wa kurekebisha chochote: "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Kisha mwombe akusimulie habari za kaka yako, naye azungumze mpaka achoke. Na kama kuna mtumishi aliyemtia hofu hiyo, mwendee faraghani, umweleze mama analalaje, umwombe aje kuomba naye.