Filamu ya Orson Welles iliyokaa bila kukamilika miaka zaidi ya 40: ile kasi ni yake mwenyewe

Mkuu, umeuliza kama The Other Side of the Wind ihesabiwe kuwa filamu ya Orson Welles, yule mwongozaji wa Marekani aliyefariki kabla ya kuimaliza, au ni mabaki yaliyookotwa na Netflix yakaungwaungwa na watu wengine. Umesema pia uliizima baada ya nusu saa kwa sababu picha zinarukaruka na kila mtu anaongea kwa wakati mmoja. Na mimi niliizima mara ya kwanza, Novemba 2018, nikiitazama kwenye simu. Lakini nitakujibu kama mhariri wa video, kwa sababu niliwahi kukabidhiwa kazi ya marehemu niimalizie, na tangu hapo filamu hii naiangalia kwa jicho jingine.

Aliyenifundisha kuhariri alifariki akaacha filamu ya Kiswahili njiani. Hakuwa mtu wa kuandika mambo yake. Zilibaki hadidiski mbili, moja imebandikwa plasta nyeupe yenye maandishi ya kalamu, USIFUTE, na ndani yake dakika kama 35 alizokwisha kuzikata mwenyewe. Nilihangaika nayo miezi minne. Siku ya kumwonyesha shemeji, yaani mjane wake, aliangalia kimya mpaka ilipofika sehemu niliyoanzia mimi. Hakuna aliyemwambia ni wapi. Akasema, "Hapa si yeye tena. Yeye hakuwa na subira ya kungoja mtu amalize sentensi."

Alisema kweli. Marehemu alikuwa anakata neno la mwisho likiwa bado mdomoni. Mimi, kwa woga na heshima, nilikuwa namwacha kila mtu amalize, kisha naongeza sekunde nzima ya kimya. Nilirudi mezani nikaanza upya sehemu yote ile. Niliyekabidhiwa kazi ya marehemu nilikuwa nimeizika mara ya pili kwa adabu nyingi.

Sasa mtazame Welles. Alipiga filamu hii kuanzia 1970 hadi mwanzoni mwa 1976, vipande vipande, kadiri pesa zilivyopatikana. Ni siku ya mwisho ya mwongozaji mzee, Jake Hannaford, anayechezwa na John Huston, ambaye naye alikuwa mwongozaji mkubwa. Sherehe yake ya kutimiza miaka 70 imejaa waandishi na vijana wa filamu wenye kamera, na tunachokiona ndicho kinachodaiwa kunaswa na kamera hizo: mara rangi, mara nyeusi na nyeupe, mara mkanda mpana, mara mwembamba. Kwa hiyo zile picha kurukaruka zimo kwenye wazo lenyewe. Ukitaka ushahidi zaidi, tafuta F for Fake, aliyoimaliza mwenyewe miaka hiyohiyo. Imekatwa kwa kasi ya namna ileile. Aliyeiacha kamera itulie na kutazama chumba kizima kwenye Citizen Kane ya 1941 alikuwa kijana wa miaka 25. Huyu wa miaka ya 1970 ni fundi mwingine, anayeijengea filamu yake kwenye meza ya kuhariri.

Alipofariki Oktoba 1985 alikuwa amekata kama dakika 40 tu. Zilibaki takriban saa 100 za picha, na negativu, yaani mikanda ya awali iliyopita kwenye kamera, zilikuwa zimefungiwa ghalani Paris. Sehemu ya pesa ilitoka kwa Mehdi Bushehri, shemeji yake Shah wa Iran, na baada ya mapinduzi ya 1979 suala la nani mwenye mali likawa fundo. Upande mmoja binti yake Welles, upande mwingine Oja Kodar, mwenza wake aliyeiandika filamu pamoja naye na kuigiza ndani yake, na upande wa tatu wale wa Paris, watu wa Bushehri. Wengi wanasema ni tamaa. Mimi nimeona ndugu, prodyuza na mjane wakivutana juu ya hadidiski mbili, na kila mmoja alikuwa na hoja ya haki.

Kuna jambo moja linaniuma kila nikilikumbuka. Mwaka 1975 American Film Institute, taasisi ya filamu ya Marekani, ilimpa tuzo ya heshima ya maisha, naye akatumia usiku huo kuonyesha vipande vya filamu hii, akitafuta wa kumsaidia kuimaliza. Kimojawapo ni pale mtu wa Hannaford anapomwonyesha bosi wa studio picha za filamu ya Hannaford ambayo haijakamilika, akihangaikia pesa. Walimpigia makofi. Pesa hazikutoka.

Waliokuja kuimalizia hawakuwa wageni wote. Frank Marshall, mmoja wa maprodyuza, alifanya kazi kwenye upigaji wake akiwa kijana. Michel Legrand, aliyetunga muziki, ndiye aliyetunga wa F for Fake. Pale sauti ya John Huston ilipokosekana, mwanawe Danny aliingiza sauti. Mhariri, Bob Murawski, ndiye ninayemheshimu kuliko wote, kwa sababu hakuogopa. Angeweza kuwaacha watu wamalize sentensi zao ili wewe na mimi tusichoke, na shemeji yangu angemkamata palepale.

Sisemi haina kasoro. Zile sehemu za filamu ya Hannaford ndani ya filamu, ambamo Welles anaiga kwa kejeli sinema za Ulaya za wakati ule, ni nzuri kwa macho lakini zinarefuka mno, na Kodar anatembezwa uchi bila neno hata moja kuliko inavyohitajika. Ila lile tukio la garini usiku, mvua inapiga vioo na taa za rangi zinapita usoni mwa waliomo, ni mkato wa Welles mwenyewe. Nimelirudia zaidi ya mara kumi. Hakuna mazungumzo, na bado unahisi kila kipande kimekatwa nusu pumzi kabla hujawa tayari. Nilipoliona kwenye TV kubwa ya kaka, taa zimezimwa, nilielewa kwa nini kwenye simu sikuambulia kitu.

Wanaosema ingeachwa tu ghalani, naomba wamkumbuke Gary Graver, mpigapicha wake. Aliipiga miaka yote ile, na Welles alipofariki yeye akaendelea kuzunguka kutafuta wa kuikamilisha. Akafariki 2006 bila kuiona. Ilifika kwenye tamasha la filamu la Venice tarehe 31 Agosti 2018.

Mkuu, usiirudie leo. Anza na F for Fake wikendi hii macho yazoee, kisha uiwashe hii kwenye skrini kubwa utakayoweza kuipata, na ukifika pale garini uje uniambie umeona nini.